Guangzhou: Kiwanda Unachokitafuta Umeshakipita Njiani

Wiki hii nimepokea tena ujumbe ule ule, safari hii kutoka kwa mteja anayepanda ndege ya China kwa mara ya kwanza: "Dada, naomba usinizungushe madukani. Mimi nataka kiwandani moja kwa moja, huko ndiko kwenye bei." Nimeshalijibu jambo hili kwa simu, kwa maandishi, hata kwa kuchora ramani nyuma ya risiti. Leo nalijibu hapa kwa kirefu, ili kesho nikiulizwa nitume kiungo, niendelee na kazi.

Imani yenyewe inakwenda hivi. Maduka ya Guangzhou ni ya madalali. Nyuma ya mji, mahali fulani, kuna mageti makubwa ya viwanda, na atakayefika getini atapewa bei ambayo wenzake wa Kariakoo hawajawahi kuisikia. Kwa bidhaa chache kuna ukweli ndani yake, nitazitaja. Kwa nguo za kike, ambazo ndizo wengi wenu mnazifuata, imani hii inakula mitaji ya watu. Nimewaona watu wakimaliza safari nzima kwenye magari, wakitafuta geti, huku kila siku wakikatiza katikati ya kiwanda kikubwa kuliko vyote watakavyoviona maishani.

Kazi yangu ni kupokea wafanyabiashara Guangzhou, kununua nao, kukagua mzigo, kuukusanya godauni na kupakia kontena. Nayasema haya kwa nguo kwanza, kwa mikoba na viatu pembeni, na kwa vifaa vya ujenzi kidogo tu.

Nianze na macho ya mgeni, maana kosa linaanzia hapo. Mtu anatua uwanja wa ndege wa Baiyun, anapanda treni ya chini ya ardhi au teksi mpaka Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, na mji unamzidi. Barabara zimebebana ghorofa mbili tatu. Pikipiki za umeme zinampita begani bila mlio. Usiku Mnara wa Canton, mita 600 kwenda juu, unabadilisha rangi ukingoni mwa Mto Zhujiang. Haoni moshi wala bomba, haoni lori la pamba. Anajiambia hapa ni mjini pa kuuzia, wanakotengeneza ni kwingine. Akiingia Xiaobei anazidi kuamini. Jengo la Tianxiu limejaa fremu zilizozoea Waafrika, chakula cha halali kiko kila kona, utasikia Kilingala, Kifaransa, Kisomali na Kiswahili ndani ya dakika chache, na bei imepangwa kwa mtu asiye na muda wa kutembea. Kuhusu Xiaobei mgeni hajakosea. Ni mtaa mmoja, na bei zake zina gharama ya urahisi ndani. Ni mtaa uliopoa pia. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi walitolewa kwenye nyumba na hoteli mjini humu, mabalozi wa Afrika waliopo Beijing wakaiandikia serikali ya China kulalamika. Wapo waliorudi, wapo ambao hawakurudi, na sitaki kupita pale kama vile hapakutokea kitu.

Sasa vuka mto uende kusini, wilaya ya Haizhu. Jirani na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen kuna soko la vitambaa linaloitwa Zhongda. Kusema soko ni kurahisisha, maana ni majengo kwa majengo. Upande huu vitambaa vya shifoni na satini, upande ule jinzi, mbele lesi, nyuma zipu, vifungo, lastiki, lebo, hadi vile vikaratasi vya kuning'iniza kwenye nguo. Kila fremu ina vipande vya sampuli vimetobolewa tundu na kufungwa pamoja. Ukikipenda kitambaa unapiga picha namba yake, unauliza jora lina mita ngapi na liko tayari au linasubiri kupakwa rangi. Milangoni vibajaji vya umeme vya kubebea mizigo vinasubiri majora.

Vifuate vibajaji hivyo. Havitoki nje ya mji. Vinavuka barabara na kuingia Kangle na Lujiang, vijiji vilivyomezwa na mji vikabaki na majina yao. Nyumba zimesogeleana mpaka mtu wa dirisha hili anaweza kumpa mkono wa dirisha lile. Chini maduka ya chakula, juu cherehani. Ghorofa baada ya ghorofa ni karakana, nyingine zina mafundi kumi, nyingine thelathini, wengi wao watu wa mkoa wa Hubei waliofuatana kwa ukoo na kijiji. Mvuke wa pasi unatoka madirishani na mabaki ya vitambaa yamelundikwa kwenye ngazi.

Kuna jambo moja pale ningependa kila mteja wangu alione kabla hajafungua pochi. Kwenye njia kuu wenye karakana husimama kando ya barabara, kila mmoja ameshika nguo moja mkononi. Ndiyo nguo anayotafutia mafundi siku hiyo. Fundi anapita, anaichukua, anaigeuza ndani nje, anavuta mshono wa bega, anaangalia kola, anahesabu kimoyomoyo ni hatua ngapi. Kisha anauliza kipande kimoja wanalipa kiasi gani. Akiona zipu imejificha na bitana juu yake, anaongeza bei au anairudisha na kwenda kwa mwingine. Hakuna barua ya ajira. Wanakubaliana, wanapanda ngazi, cherehani inaanza. Hapo ndipo bei ya gauni lako inapozaliwa, kwenye vidole vya yule fundi anayevuta mshono, na inazaliwa upya kila mtindo mpya unapokuja.

Usiku nguo zinakatwa nyuzi, zinapigwa pasi, zinatiwa lebo na mfuko. Kabla jua halijatoka ziko Shisanhang, wilaya ya Liwan, kwenye majengo ya jumla ya nguo za kike. Ukifika Shisanhang saa nne asubuhi umechelewa. Alfajiri ndipo kuna msongamano, wabeba mizigo wakipiga kelele wapishwe, mifuko myeusi imerundikwa mlangoni, wasichana wa mauzo wamepanda juu ya viti wakionyesha mtindo wa leo. Mchana mapema wengi wanafunga. Fremu yenyewe ni ndogo kuliko za Mtaa wa Kongo, na kodi yake ingekuumiza kichwa.

Kwa hiyo kiwanda kiko wapi? Kitambaa kiko Zhongda. Mshono uko Kangle. Mtindo, mtaji na uamuzi wa kushona mia mbili au elfu mbili viko kwa yule mama wa fremu ya Shisanhang. Yeye ndiye aliyechagua jora, akalipa mkataji, akapatana na karakana kwa kipande, akabeba hasara mtindo ukigoma. Ukimruka yeye ili ufike "kiwandani", utafika kwenye karakana ya ghorofa ya nne, na mwenye karakana atakuuliza swali moja: kitambaa chako kiko wapi? Yeye anauza nguvu ya mafundi wake. Gauni la kukuuzia hana.

Utaratibu huu ndio uliomlisha hata Shein, yule muuzaji mkubwa wa nguo mtandaoni. Karakana nyingi zinazomshonea ziko Guangzhou hii hii, hasa wilaya ya Panyu, na oda za kwanza za mtindo mpya huwa ndogo, pisi mia moja au mia mbili, zikitembea ndipo zinaongezwa. Kampuni kubwa kiasi hicho haikutafuta geti moja. Ilijipanga na mji ulivyo.

Nielewe vizuri. Sisemi viwanda vya nguo vyenye geti havipo. Vipo, vinashonea maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, na vinahesabu oda kwa maelfu ya pisi kwa mtindo mmoja, rangi moja. Lakini mteja wangu wa kawaida anakuja na mpango huu: mitindo ishirini, kila mtindo pisi sitini, rangi nne, saizi nne. Gawanya mwenyewe. Kila saizi ya kila rangi haifiki pisi nne. Anayetaka kilo mbili za nyama hazifuati Mnada wa Pugu, kunakouzwa ng'ombe wazima.

Na hapa nakaa kidogo, maana ndipo panaponichosha. Watu wanadhani kima cha chini cha oda ni kiburi cha Mchina. Fikiria kazi yenyewe. Kitambaa kinatandikwa tabaka kwa tabaka mezani, halafu kisu kinapita mara moja. Kutandika tabaka tano na kutandika tabaka themanini kunahitaji meza ile ile na mkataji yule yule. Fundi akipewa mtindo mpya, vipande vya kwanza anashona polepole, anajifunza, kasi inakuja baadaye. Kazi ikiisha kabla kasi haijaja amepoteza siku, kwa hiyo kwa oda ndogo anadai zaidi kwa kipande. Jora likibaki nusu, nusu hiyo imelipiwa na mtu. Rangi maalum ikitakiwa, wapaka rangi nao wana kima chao. Jumlisha hayo yote kwenye pisi sitini. Gauni ambalo fremuni lingekuwa, tuseme, yuan 38, kwa oda yako litatoka yuan 50, ulisubiri wiki mbili, na uliweka malipo ya awali ambayo ukikorofishana na mtu hayarudi. Asilimia 30 mbele na 70 kabla ya kupakia ndiyo desturi.

Halafu kuna hili ambalo wanaotafuta geti hawalisikii kabisa. Kuna wakati fremu inauza chini ya gharama ya kushona. Guangzhou inavaa kwa majira, na soko la jumla linatangulia majira. Julai na Agosti, jua likiwa bado kali, Shisanhang na Baima pale jirani na stesheni ya reli wanaanza kutundika masweta na makoti. Magauni ya kiangazi yanageuka mzigo unaokula kodi. Mwenye fremu anataka nafasi na pesa ya jora la sweta. Kwake gauni la mikono mifupi limekufa mpaka mwaka ujao. Kwetu Dar, Mombasa, Bujumbura au Goma linavaliwa mwezi wowote. Unaingia, unachukua kilichobaki, unapatana kwa mfuko mzima badala ya pisi, na unaondoka na bei ambayo hakuna karakana duniani ingeweza kukushonea. Ila utachukua saizi na rangi zilizopo. Anayetaka kuchagua atalipia kuchagua.

Mwenye fremu anakupima kwa maswali yako pia. Ukianza na "bei ya mwisho ngapi" umeshika gauni moja, anakupa bei ya mtu wa rejareja na kugeuka. Uliza kwanza mtindo una rangi ngapi, saizi zinachanganywa vipi, pisi ngapi kwa pakiti, ikiisha unashona tena au basi. Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote kwa anayeuza mitandaoni, kwa sababu mitindo mingi ya Shisanhang haishonwi mara ya pili. Kikokotoo ndicho mkalimani wa wote. Na usiende fremuni baada ya chakula cha mchana ukitaka mazungumzo marefu. Katika masoko yanayofungua mchana wauzaji wengi hulala kidogo, wengine kwenye vitanda vya kukunja katikati ya bidhaa, na anayewaamsha kwa ajili ya pisi tano hakumbukwi kwa wema.

Hamu ya kumruka mtu wa kati mjini Guangzhou si mpya, na Shisanhang yenyewe ni shahidi. Jina hilo limetoka kwa zile nyumba kumi na tatu za biashara za zamani. Kuanzia 1757 utawala wa Qing uliwabana wafanyabiashara wa Ulaya wanaokuja kwa bahari watumie bandari hii peke yake, na wanunue kupitia wafanyabiashara maalum wenye kibali. Walikaa kando ya mto, nje ya kuta za mji, hawakuruhusiwa kwenda bara kumtafuta mkulima wa chai. Walinung'unika kwa miongo. Mfumo ule ulivunjwa na Mkataba wa Nanjing mwaka 1842, baada ya vita vya kasumba, na majengo yao yakateketea kwa moto 1856. Lakini hata walipopata ruhusa ya bandari nyingine, waliendelea kuwategemea Wachina wa kuwatafutia bidhaa, kuonja chai na kudhamini malipo. Mtu wa kati aliyekuwa anajua kazi hakutoweka, kwa sababu kazi yake ilikuwepo kweli.

Sasa, ni wapi kiwanda kina maana? Nitapita haraka. Vigae na vyoo, nenda Foshan, treni ya mjini inakufikisha. Ila ujue hata kule utaonyeshwa kumbi za maonyesho, tanuri nyingi zilishahamishiwa miji mingine kwa ajili ya moshi. Samani, Lecong, wilaya ya Shunde. Taa, Guzhen, mji wa Zhongshan. Simu na vipuri vyake, Huaqiangbei, Shenzhen. Ukijaza kontena zima la bidhaa ya aina moja, kuongea na mtengenezaji kuna faida, na hapo nitakupeleka mwenyewe. Maonyesho ya Canton, yaliyoanza 1957 na sasa yanafanyika Pazhou majira ya kuchipua na ya vuli, ni mazuri kwa anayetafuta mashine na wazalishaji wakubwa. Yana awamu tatu, na nguo ziko awamu ya tatu. Watu wanakata tiketi ya awamu ya kwanza, wanakuta majokofu na mashine, wananipigia simu wamekasirika.

Swali linalofuata ni la haki: nitajuaje fremu hii ni ya mwenye mali na ile ya dalali? Tazama ukutani. Leseni ya biashara hutundikwa hadharani, ina namba ya alama 18 na maelezo ya shughuli zilizoruhusiwa. Ipige picha, mpe mtu anayesoma Kichina. Kisha omba kuona mtindo ule ule kwa kitambaa kingine. Mwenye mali atakujibu papo hapo kama inawezekana na itachukua siku ngapi. Dalali atasema subiri, atashika simu. Omba pia mabadiliko madogo, mfano mfuko wa pembeni, usikilize kama anazungumza kama mtu anayejua mshono unapita wapi. Kipimo hiki kinanisaidia kuliko leseni. Leseni yenye neno la uzalishaji haithibitishi kwamba kuna cherehani hata moja, na ziara ya "kiwanda chetu" inaweza kuwa ziara ya karakana ya shemeji. Kuna fremu ninazonunua miaka yote ambazo hata leo siwezi kukuapia nani anashona. Nimeacha kujali. Mshono umenyooka, rangi haichuji, pisi zimetimia, zikirudi na kasoro anabadilisha. Mwenye mali asiyebadilisha ana faida gani kwangu?

Pesa unayoitafuta getini mara nyingi imelala kwenye katoni. Kontena la futi 40 la juu lina CBM 76, yaani mita za ujazo, kwa vipimo vyake, na ukipakia katoni za saizi mchanganyiko ukifikisha 68 umepanga vizuri. Wengi wenu mnachangia kontena na mnalipia kwa CBM. Maana yake mnalipia hewa. Mkoba mpya umejazwa karatasi tumboni ili usimame. Toa karatasi, ingiza mkoba mdogo ndani ya mkubwa, mikanda ilaze pembeni, na katoni zinapungua mbele ya macho yako. Viatu na maboksi yake ndiyo hasara iliyo wazi kabisa. Vua maboksi, yakunje, yapange bapa chini ya katoni, kila jozi iwe kwenye mfuko wake. Magauni, toa hanga, kunja kwa upana mmoja, bana hewa. Mteja mmoja alinigombeza siku nzima kwa ajili ya tofauti ya yuan mbili kwa gauni, kisha akakataa kuvua maboksi ya viatu kwa sababu yanapendeza. Nilimpigia hesabu mezani. Maboksi yale yalikula zaidi ya yuan mbili zake zote.

Kubana nako kuna mipaka. Ngozi ya bandia ikikunjwa vibaya inabaki na mstari, na satini inahitaji karatasi laini katikati. Halafu kuna unyevu. Kati ya Februari na Aprili zipo siku Guangzhou inatoa jasho kabisa, sakafu zinalowa, kuta zinateleza, vioo vinachuruzika kwa ndani. Mzigo uliofungwa siku hizo unasafiri na maji yake baharini, na mkoba unafunguliwa Dar ukiwa na ukungu. Siku hizo sifungi katoni. Naweka mzigo juu ya mbao, naongeza vipakiti vya kunyonya maji, nasubiri hewa ikauke, na mteja ananinunia. Anune.

Kuna atakayenibana kwa hesabu ya forodha, na ana haki. Kodi zinahesabiwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima. Nguo ziliingia kwenye kundi la ushuru wa asilimia 35 la Afrika Mashariki lililoanza Julai 2022, na VAT ya Tanzania Bara, asilimia 18, inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Mzigo wa 100 unafika 135, VAT inaupeleka 159.3, kabla ya tozo nyingine. Kwa hiyo yuan moja ukiiokoa China umeokoa zaidi ya yuan moja nyumbani. Kweli. Ndiyo maana nakazania ununue kwenye fremu sahihi kwa msimu sahihi.

Ninalolihofia zaidi ni hili la kulipa CBM kwa bei ya jumla "kila kitu humo humo", usafiri na kodi pamoja. Ni rahisi, na wanaoanza sina njia nyingine ya kuwapa. Lakini mzigo wako unaingia nchini kwa karatasi za mtu mwingine. Ikitokea shida bandarini au kwenye ukaguzi wa viwango wa TBS, huna nyaraka yenye jina lako. Nimekuwa nikiwashauri watu wahame mara tu wanapoweza kujaza kontena dogo la futi 20, na hata hivyo silali vizuri kwa ajili ya wale ambao hawajafika hapo.

Na kuna shaka nyingine, ya kwangu mimi na wenzangu wa kazi hii. Ajenti analipwa kwa asilimia ya manunuzi. Ukinunua sana, napata sana. Zaidi ya hapo, fremu nyingi ziko tayari kumrudishia ajenti kitu kidogo baada ya mteja kuondoka. Sichukui, lakini huna njia ya kunihakiki ukiwa umesimama pale husikii Kichina. Naelewa basi kwa nini watu wanataka geti. Geti linawapa hisia kwamba hakuna mtu aliyesimama katikati. Ningependa kuwe na malipo ya siku badala ya asilimia, nimelijaribu kwa wateja wachache, na wengi wanaona ghali kwa sababu wanaliona waziwazi. Sijapata jibu.

Kama unataka kupunguza utegemezi kwangu, anza na watu. Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian, penye kaburi linalonasibishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Baada ya swala nje kuna mishkaki ya kondoo na mikate ya Wauyghur, na waliozunguka mishkaki hiyo ni wafanyabiashara wa Tanga, Moroni, Niamey na Sana'a wakiulizana nani kauziwa bei gani. Bei utakayoisikia pale ina ukweli kuliko ya video yoyote. Na mwenye fremu akikualika chai ya asubuhi, ukubali. Meza inajaa vikapu vidogo vya mvuke. Uliza nyama ya nguruwe kwanza kama huli, hawakasiriki. Akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo asante ya pale. Mazungumzo ya kukopeshwa mzigo nusu, au kushonewa rangi moja ya ziada bila kima cha chini, nimeyasikia kwenye meza hizo tu. Kikokotoo hakijawahi kuyatoa.

Ukiniandikia basi, niandikie hivi: bidhaa gani, mitindo mingapi, pisi ngapi kwa kila rangi, unauza shilingi ngapi kwenye fremu yako, na mzigo unautaka mkononi lini. Kwa hayo matano nitakwambia kama safari yako ni ya Shisanhang, ya karakana au ya Foshan, kabla hujakata tiketi. La tarehe usiliache. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na Kangle huanza kupoteza watu wiki kadhaa kabla, mafundi wakiwahi treni za Hubei na mabegi mgongoni. Wengi hawarudi mpaka baada ya Sikukuu ya Taa, siku ya kumi na tano ya mwaka wao, na wakirudi bei ya kipande inapatanwa upya. Oda ya Pasaka inayonifikia Januari mwishoni siichukui tena. Nitakutafutia kilichopo fremuni.